UZI: Kufunga maboksi magumu ya pembeni kwenye Yamaha Tracer 900 (keria, bolti, uzito, na haya matuta yetu)

#1 Mzee wa Kitonga

Wakuu, salaam.

Mtu akinunua pikipiki ya spoti ya masafa marefu, swali lake la kwanza humu ni "nichukue boksi gani?" Kwangu mimi boksi linakuja mwisho kabisa. Kwanza fremu ya nyuma, pili keria (yale mabomba ya chuma yanayobeba boksi), tatu bolti, ndipo boksi. Boksi la bei mbaya ukilitundika kwenye keria inayocheza, litaishia mtaroni kabla hujaiona Chalinze.

Mashine ninayoizungumzia ni Yamaha MT-09 Tracer ya 2015, ile ambayo Marekani waliiuza kwa jina la FJ-09. Silinda tatu, cc 847, tanki la lita 18. Ni mashine rahisi kuwekea maboksi kwa sababu ekzosi yake ni fupi na imejikunja chini ya injini. Haipandi pembeni. Kwa hiyo boksi la kulia na la kushoto yanakaa umbali uleule kutoka katikati. Pikipiki yenye ekzosi inayopanda upande mmoja inakulazimisha ama usogeze boksi la upande huo nje, ama ununue boksi lililokatwa tumbo. Fremu ya nyuma inayobeba siti ni ya chuma, na imefungwa kwa bolti kwenye fremu kuu ya alumini. Hilo la chuma na alumini likumbukeni, tutalirudia.

Maboksi ni Givi V35, lita 35 kila moja. Givi ni Waitaliano wa Brescia, wako kwenye kazi hii tangu 1978. Hapa kuna mtego kwa wanaonunua vitu vilivyotumika: V35 ni ya mfumo unaoitwa Monokey Side, na haikai kwenye keria ya Monokey ya kawaida. Majina yanafanana, mishikio haifanani. Mtu anakuuzia maboksi mazuri ya kutoka Dubai au Japani, unafika nyumbani unakuta hayashiki popote. Nunua keria iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli NA mwaka wa pikipiki yako, halafu ndiyo uulize inabeba boksi la familia gani.

Sasa kazi yenyewe.

Pikipiki iwe wima, kwenye stendi ya katikati au stendi ya karakana. Usifunge keria pikipiki ikiwa imelalia stendi ya pembeni, utapima kwa jicho na jicho litakudanganya. Toa siti. Mwaga bolti na bushi zote juu ya kitambaa, weka mchoro pembeni, panga kila bolti karibu na namba yake. Hii si mbwembwe. Ndani ya mfuko kuna bolti zinazofanana sura na kupishana urefu milimita tano tu. Ile ndefu ukiiweka mahali pa fupi inaweza kutokeza upande wa pili na kusugua waya wa ABS (breki zinazozuia gurudumu lisijifunge) au mpira wa breki, na hutajua mpaka siku taa ya ABS iwake mwenyewe ukiwa porini.

Keria nyingi za aina hii zinashika sehemu tatu kila upande: juu karibu na kishikio cha abiria, chini kwenye breketi ya futiresti ya abiria, na nyuma kwenye mkia. Halafu kuna chuma kinachounganisha upande wa kulia na wa kushoto, kinapita nyuma chini ya namba. Hicho ndicho watu wanapenda kukiacha kwa sababu hakipendezi. Ukikiacha, kila upande unabaki unapigana peke yake. Ukigonga shimo na gurudumu la nyuma, boksi linavuta bomba kwenda nje, na hakuna cha kulizuia isipokuwa bolti za upande wake. Kifunge.

Funga kila kitu kwa vidole kwanza. Bolti ZOTE ziingie, nusu nusu, kabla spana haijagusa hata moja. Watu wengi wanakaza ya kwanza mpaka mwisho, wakifika ya tatu matundu hayaoni, wanachukua nyundo au wanailazimisha bolti iingie upande. Meno yameliwa, na kama ni meno ya alumini hiyo siku imeharibika. Zikishaingia zote, tundika maboksi mawili matupu, rudi nyuma hatua kadhaa, yatazame kwa usawa wa tairi. Yako sawa? Ndipo ukaze, ukianza mbele kurudi nyuma, kushoto na kulia kwa zamu.

Nguvu ya kukaza: fuata karatasi ya keria na kitabu cha pikipiki. Kama haisemi, bolti ya M8 (unene wa milimita 8) yenye alama ya 8.8 ikiingia kwenye chuma ni kama Nm 22 hadi 25 (nyutoni-mita, kipimo cha toki, yaani nguvu ya kukaza), na M6 ni kama Nm 10. Kwenye alumini usijiamulie, tafuta kitabu. Tafuteni spana ya toki wakuu, ile inayolia "ka!" ikifika ulipoipanga. Azima kama huna. Mkono wa fundi aliyezoea nati za Fuso si kipimo cha M6.

Gundi ya nati weka, lakini ile ya bluu, tone moja, kwenye meno makavu yaliyosafishwa. Ile nyekundu ni ya vitu usivyotaka kufungua tena, kuitoa mpaka uichome moto, na hapo pembeni kuna plastiki na waya.

Ukimaliza, fanya ukaguzi ambao karatasi haisemi:
- Kaa juu na abiria, mtu wa tatu achuchumae nyuma aangalie nafasi kati ya boksi, tairi na mnyororo shokapu ikibonyea.
- Indiketa zinaonekana ukisimama pembeni na nyuma? Kama boksi limezifunika, zisogeze. Usipinde kichwa ukasema "zinaonekana kidogo".
- Kisigino cha abiria kinafika kwenye futiresti bila kupiga boksi?
- Pima upana kwa futi. Kama maboksi ni mapana kuliko usukani na vioo, basi kupenya foleni ya Ubungo kumekwisha. Kichwa chako kitapita, matako yako hayatapita.

Kisha tembea mjini siku moja au mbili na maboksi matupu, pita kwenye matuta na rasta, rudi, kagua toki ya kila bolti. Utakuta baadhi zimelegea kidogo. Ni kawaida, rangi na mabaki yanajibana. Kaza, chora mstari wa rangi unaopita juu ya kichwa cha bolti na breketi. Baada ya hapo kila ukisimama kunywa chai unatazama mstari tu. Ukivunjika, bolti imezunguka.

Uzito nitauongelea chini, watu wakiuliza. Nawasilisha.

#2 Shokapu Mbili

Nimeweka kambi. Ila mkuu, uzi wa kufunga vitu bila picha ni pilau bila nyama.

#3 Mzee wa Kitonga

Picha zinakuja jioni, nazipunguza ukubwa. Kula wali kwanza.

#4 Chuma Chakavu

Mzee heshima yako, lakini hapa umetuonea sisi mafundi wa kuchomelea wa Gerezani, Dar. Keria ya kiwandani mtu anaagiza, anasubiri, analipia usafiri, analipia ushuru, na bado inaweza kuja ya mwaka tofauti. Mimi nampindia bomba siku mbili anaondoka. Keria za boda zote nchi hii tunachomelea sisi na zinabeba magunia ya mkaa. Kwa nini V35 ishindikane?

#5 Mzee wa Kitonga

Haishindikani kaka. Sijasema usichomelee. Shida ni kwamba boda inabeba gunia kwa mwendo wa sitini, na keria yake iko juu ya gurudumu. Hii iko pembeni, inaning'inia, na mwendo ni mwingine. Sasa wewe fundi tuambie: unachomelea wapi? Kwenye keria au kwenye fremu ya pikipiki?

#6 Chuma Chakavu

Kwenye keria tu! Fremu ya pikipiki ya watu siigusi. Anayekuja kusema "nichomelee sikio hapa kwenye fremu" namrudisha. Fremu ya alumini kwa mashine ya kawaida ya fimbo huwezi, na hata ukiwa na mashine ya gesi ya kufaa, ule moto unalegeza alumini pembeni ya mshono. Ukiwa huna uhakika ni chuma au alumini, chukua sumaku. Haishiki, weka tochi chini.

Ngoja niwape na yangu basi, maana naona mnadhani sisi tunabahatisha.

Moja, bomba la pembeni lipindwe, lisikatwe na kuungwa kwenye kona. Chuma cha keria mara nyingi hakikatiki katikati ya mshono. Kinakatika pembeni kidogo ya mshono, pale moto ulipoishia. Kila kona uliyounga umejiwekea sehemu ya kukatika. Mbili, breketi bapa ikitoka kwenye bomba iwekee kipande cha pembetatu cha kuikinga, vinginevyo inapepea. Tatu, usichomelee keria ikiwa juu ya pikipiki. Shikisha kwa nukta mbili tatu ukiwa umepima, halafu iteremshe umalizie chini. Kama ni lazima kushikisha hizo nukta juu ya pikipiki, toa nyaya za betri zote mbili, chomoa na soketi ya kompyuta ya injini, na koleo la ethi (ule waya wa pili wa mashine ya kuchomelea) liweke palepale kwenye kipande unachochomelea, siyo kwenye fremu kule mbele umeme ukapite kwenye bearingi.

Na rangi. Ndani ya bomba ziba ncha, maana maji yakiingia yanalila kutokea ndani, huoni kitu.

#7 Mzee wa Kitonga

Hili ni dini fundi, sina cha kuongeza. Ninachobaki nacho ni kimoja: sehemu za kushikia boksi, vile vidole na ndimi za kufuli, ni vipimo vya milimita. Ukimpindia mtu bomba, basi mshikio wenyewe nunua wa kiwandani uuunge kwa bolti. Boksi likipwaya milimita mbili tu, kufuli ndiyo inageuka kubeba mzigo, na kufuli haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

#8 Msafiri Kobe

Mimi nina swali na kisa. Nilifungiwa keria mjini na fundi ambaye simtaji. Akaweka mpira wa tyubu kila mahali keria inapogusana na fremu, akasema "unapunguza mtikisiko." Nikaona ni ubunifu. Tukiwa tunatoka Mikumi, upande wa kulia bolti ya juu ikakatika kichwa. Sikuanguka, boksi lilibaki limening'inia na mkanda. Bolti ilikuwa ya kung'aa, haishiki kutu, nikiamini ndiyo imara kuliko zote. Hivi tatizo ni mpira au bolti?

#9 Mzee wa Kitonga

Pole sana mkuu. Vyote viwili, lakini mpira ndiye mhalifu mkubwa.

Bolti haishiki kwa kuwa nene. Inashika kwa sababu ukiikaza inavutika kidogo, inavibana vile vyuma viwili visiteleze. Msuguano wa chuma kwa chuma ndio unaobeba mzigo. Ukiweka mpira katikati, unakaza leo, kesho mpira umejibonyeza na mbano umepungua. Vyuma vinaanza kutelezana, bolti sasa inapindwa huku na huku kila tuta. Na kutoka Morogoro kwenda Iringa unajua mwenyewe rasta zilivyo, pale hifadhini peke yake ukitoka mikono inacheza. Chuma kikipindwa mara elfu na elfu kinachoka, kinakatika ghafla.

Mpira weka chini ya boksi, pale plastiki inapolalia bomba. Hapo unasaidia, hauruhusu plastiki isuguliwe. Kati ya vyuma viwili vinavyokazwa na bolti usiweke mpira, usiweke kadibodi, na hata rangi nene ya kupaka kwa brashi ipunguze kwanza kwa msasa.

Kuhusu bolti: zile zinazong'aa nyingi zina alama ya A2-70. Hiyo 70 maana yake nguvu ya kuvutwa ni megapaskali 700. Bolti nyeusi au ya zinki yenye alama 8.8 ni 800, na 10.9 ni 1,000 na kidogo. Kwa hiyo uzuri wa kutokushika kutu usikudanganye. Bolti za breketi za futiresti kiwanda mara nyingi kinaweka ngumu. Ukienda dukani Kariakoo peleka ya zamani mkononi, soma namba ya kichwani, rudisha ileile au ya juu yake. Isiyo na namba kichwani iache ifungie mlango wa banda la kuku.

#10 Chuma Chakavu

Sisitiza hapo kwenye bolti zisizo na namba. Zipo nyingi na zinavutia.

#11 Bint wa Chumbageni

Shikamoo Mzee. Mimi niko Tanga, nina Kawasaki Z1000SX iliyokuja kutoka Uingereza. Nataka maboksi ya pembeni na la nyuma pia. Watu wananichanganya, mmoja anasema haihitaji keria kabisa, mwingine anasema lazima. Halafu huku kwetu chumvi ya bahari inakula kila kitu, nifanyeje?

#12 Mzee wa Kitonga

Marahaba dada. Wote wawili wana haki, inategemea mwaka. Z1000SX ilitoka 2011 na maboksi yake yalikaa kwenye keria. Toleo la 2014 Kawasaki wakaweka mishikio ndani ya mkia wenyewe, maboksi ya lita 28 yanaingia moja kwa moja na kufunguliwa kwa ufunguo wa pikipiki. Ukiyatoa huoni hata kama kulikuwa na kitu. Tazama chini ya kishikio cha abiria: ukiona matundu yenye vifuniko vidogo pande zote mbili, unayo hiyo. Yako ina ekzosi mbili, moja kila upande, kwa hiyo maboksi ya lita nyingi kuliko hizo yanakaa juu na nje zaidi. Mimi ningebaki na yale ya kiwandani hata kama ni madogo.

Boksi la nyuma sasa. Hili ndilo watu wanalipenda na ndilo lenye hatari, kwa sababu linakaa juu na nyuma ya ekseli. Kila kilo unayoweka huko inanyanyua mbele, usukani unakuwa mwepesi. Ndiyo maana watengenezaji wanaandika kikomo kidogo ajabu. Kwa Givi, mfumo wa Monokey ni kilo 10 kwenye boksi na baadhi ya keria ni kilo 6 tu. Monolock, yale ya pikipiki ndogo, mara nyingi ni kilo 3. Tatu! Watu wanaweka humo kreti ya soda. Na mwendo wanapendekeza usizidi kilomita 120 kwa saa ukiwa na maboksi. Kikomo kinachofuatwa ni kile kidogo kuliko vyote: cha boksi, cha keria au cha pikipiki. Si kwamba unachagua kinachokupendeza.

Chumvi: mahali bolti ya kung'aa inapoingia kwenye alumini, hewa ya bahari inavifanya viungane mpaka siku ya kufungua unakata. Paka grisi ya kuzuia kuganda, ile ya rangi ya shaba au ya fedha, kwenye meno. Lakini ukipaka hiyo, punguza nguvu ya kukaza, maana bolti yenye grisi inavutika zaidi kwa nguvu ileile ya spana. Na usichanganye grisi na gundi kwenye bolti moja, gundi haitashika.

#13 Mtoro wa Baridi

Niko Uingereza. Naongezea kwa dada wa Tanga: pikipiki zinazotoka huku zimepita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi majira ya baridi. Ukifungua breketi za nyuma kwa mara ya kwanza usizilazimishe. Mwagia dawa ya kutu jana yake, jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza, ndipo utoe. Bolti ikikatikia ndani ya alumini, gharama ya kuichomoa utalia. Na keria iliyotumika ya kutoka huku ikague viungo vyake kwa ndani kabla hujalipa.

#14 Mbarikiwa wa Naivasha

Niaje wakuu, niko Kenya. Hapa kwetu wengi wanakimbilia maboksi ya alumini, yale ya pembe nne, kwa sababu wameyaona kwa wazungu wanaopanda hadi Turkana. Mimi nimeendesha nayo na nimeendesha na ya plastiki. Kama unakaa kwa lami, plastiki ni poa zaidi. Ni nyepesi, imechongwa vizuri kwa upepo, na ikianguka inaruka, haibonyei. Alumini ikibonyea mlango haufungi tena, vumbi linaingia yote. Na ukiwa kwa murram unashusha mguu kubalansi, ile kona ya alumini inakupata kwenye kigimbi cha mguu, inaweza kukuvunja. Kwa murram mbaya ni heri mifuko laini, kwisha.

#15 Shokapu Mbili

Mzee ulisema uzito utauongelea. Na lile la kuyumba ukifika mia na arobaini mbona hulisemi?

#16 Mzee wa Kitonga

Mia na arobaini na maboksi, hapo umeshajijibu. Lakini tuongee.

Pikipiki yenye maboksi ikifika mwendo fulani inaweza kuanza kunesa, mkia unakwenda kushoto kulia, kama mara mbili tatu hivi kwa sekunde. Chanzo ni uzito na upepo nyuma ya ekseli, halafu kinakuzwa na vitu vilivyochoka: tairi la nyuma lililoisha katikati likawa bapa, upepo pungufu, bearingi za shingo ya usukani zimelegea, shokapu imekufa, keria inacheza. Boksi peke yake halileti yote hayo, linayafichua. Yamaha wenyewe kwenye Tracer ya 2018 waliurefusha mkono wa nyuma unaobeba gurudumu kwa milimita 60 ili mashine itulie zaidi, hasa ikiwa na mizigo. Triumph Trophy ya 2012 nayo maboksi yake mawili yameunganishwa kwa chuma kinachopita katikati, na yanacheza kidogo kwa makusudi ili mtikisiko wake usiingie kwenye fremu. Sasa mtu asije akasema "basi na yangu inacheza, ni teknolojia." Yako inacheza kwa sababu nati imelegea.

Ikianza kunesa: usibane usukani, usipige breki kwa nguvu. Achia mafuta taratibu, inama mbele uzito uende gurudumu la mbele, shika tanki kwa magoti. Itatulia. Kisha simama ujue kwa nini.

Uzito: pima. Nunua ile mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, bei yake ni ndogo. Tundika boksi la kulia, tundika la kushoto, tofauti isizidi kilo moja au mbili. Vizito (spana, viatu, mnyororo wa kufuli, chupa za maji) chini kabisa na upande wa mbele wa boksi, karibu na ekseli. Nguo juu. Kitenge cha mama mkwe kiende boksi la nyuma, hakina uzito. Halafu jumlisha: wewe, abiria, mizigo, keria, na maboksi yenyewe, maana boksi tupu lina kilo zake. Linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu. Watu wawili wenye miili yao wanaweza kukuta nafasi iliyobaki ya mizigo ni ndogo kuliko walivyodhani.

Baada ya kupakia: kaza springi ya shokapu kwa ajili ya mzigo, upepo wa matairi (Tracer ni psi 36 mbele na 42 nyuma), pima ulegevu wa mnyororo kwa kufuata kitabu, na shusha taa ya mbele. Mkia ukikaa chini taa inatazama juu, unawapofusha madereva wa mabasi ya usiku, na wale hawana subira.

#17 Dogo wa Boksa

Wazee samahani naingilia. Mimi nina Bajaj Boxer 150 na kazi yangu ni kupeleka vifurushi. Haya ya kwenu yananihusu au niondoke kimyakimya?

#18 Chuma Chakavu

Kaa dogo, yanakuhusu. Kwako usiweke ya pembeni, utagonga bajaji za watu. Boksi moja la nyuma, lisogeze mbele kadiri siti inavyoruhusu. Tako la abiria likipotea poa tu, si unabeba vifurushi? Breketi iwe na miguu minne, miwili ishuke mpaka kwenye bolti za juu za shokapu. Zile bolti ndizo ngumu kwenye pikipiki yako. Ila tafuta bolti ndefu kidogo kuliko ya zamani, maana umeongeza unene wa breketi, nati isije ikashika meno mawili tu.

#19 Mzee wa Kitonga

Na ukiweka nati yenye plastiki ndani, badilisha ukiifungua mara kadhaa. Ile plastiki ikishalegea ni nati ya kawaida.

#20 Msafiri Kobe

Asanteni sana, nimetoa mipira yote na nimebadilisha bolti kwa 8.8. La mwisho: maboksi yangu maji yanaingia kidogo mvua ikipiga, na ufunguo umeanza kugoma kwa vumbi. Nipake silikoni kwenye ukingo? Na kufuli niweke oili?

#21 Mzee wa Kitonga

Silikoni ya kubandika hapana, utashindwa kufungua au utaubandua mpira wa ukingo. Kwanza futa mpira wote kwa maji ya sabuni, vumbi la laterite likikaa pale mfuniko haubani. Kisha funga ukiwa umebana kipande cha karatasi, kivute. Kinapotoka kirahisi ndipo panapovuja. Mara nyingi ni bawaba imepinda kwa kujaza nguo kupita kiasi na kukalia mfuniko ndipo ufunge. Zungusha bomba la maji juu yake dakika chache, usilipige na mashine ya presha ya kuoshea magari, hakuna boksi la plastiki linalovumilia hiyo kwa karibu. Na vitu vya thamani viweke kwenye mfuko wa nailoni ndani, hata boksi likiwa jipya.

Kufuli usitie oili wala grisi, inashika vumbi na kugeuka udongo. Puliza upepo wa kompresa, kisha weka unga wa grafaiti. Ukikosa, chonga penseli laini, pakaza ule unga mweusi kwenye meno ya ufunguo, ingiza na kutoa mara nyingi mpaka ulainike. Picha nimeshapandisha, ziko post namba moja.